Shah Jahan wa Woking alikuwa mwanamke

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, na mguu wa baba yako umepata nafuu. Picha ya msikiti wa Woking imefika. Swali lako limenichekesha: eti Shah Jahan wa Taj Mahal alifikaje Uingereza? Hakufika, mama. Mfalme yule alifariki 1666. Msikiti ulimoswali wewe ni wa 1889, na jina lile ni la mwanamke, Shah Jahan Begum, mtawala wa Bhopal katikati ya India. Fedha zake zilisaidia kuujenga.

Nimefundisha historia miaka mingi, kwa hiyo umejitakia mwenyewe. Chai yako iweke karibu.

Bhopal ilitawaliwa na wanawake wanne wa Kiislamu, bibi kizaa bibi, tangu 1819 mpaka 1926, na katikati wakaachia miaka michache tu ya mwanamume. Yote yalianza na ajali. Nawabu (ndivyo walivyomwita mtawala) kijana, Nazar Muhammad Khan, alikuwa Islamnagar na jamaa zake, shemeji yake mdogo akachezea bastola, ikafyatuka ikamuua. Mjane wake, Qudsia Begum, hata miaka 20 hajatimiza, na mtoto wao, binti Sikandar, bado mdogo sana. Unajua mambo yanavyokuwa mtu akifa na mali ipo: wanaume wa ukoo wakakusanyika, kila mmoja anajiona yeye ndiye. Qudsia akaingia barazani, akavua ukaya mbele yao, akatangaza kwamba mrithi ni huyu binti na yeye atashika madaraka mpaka mtoto akue. Hakuwa na jeshi nyuma ya mlango. Alikuwa na wosia, na alikwisha kuhakikisha wakubwa wa dola wako upande wake kabla hajafungua mdomo. Hapo ndipo ninapompendea mwanamke yule.

Sharti lilikuwa Sikandar aolewe na binamu yake, na huyo mume ndiye awe nawabu. Ndoa ile ilikuwa balaa. Huyo mume, Jahangir, alimkata mkewe kwa upanga naye ana mimba, na mimba yenyewe ndiyo huyo Shah Jahan wako wa Woking. Sikandar akapona, akahama na mama yake. Jahangir alipokufa 1844, mwanamke akarudi kushika hatamu kwa niaba ya bintiye. Alikuta dola imezama katika madeni. Akapanda farasi, akazunguka vijiji, akawaondoa mawakala waliokuwa wakikodishwa kazi ya kukusanya kodi na kuwakamua wakulima, akaamuru mashamba yapimwe, na madeni yakalipwa. Akaweka Kiurdu mahali pa Kiajemi katika shughuli za serikali. Hakuvaa ukaya, na hakumwomba mtu radhi.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo mimi na baba yako hatujapatana mpaka leo. Mwaka 1857 askari wa Kihindi walipowaasi Waingereza, Sikandar alisimama na Waingereza. Baba yako akisikia hivyo anatikisa kichwa, ananitajia Lakshmibai, malkia wa dola ya Jhansi huko huko India, yule wa kwenye sanamu, amepanda farasi, mtoto kambeba mgongoni. Ni kweli Lakshmibai alikufa akipigana, karibu na Gwalior, Juni 1858. Lakini watu husahau kwamba naye alianza na karatasi. Mumewe alipofariki 1853, akiacha mtoto wa kupanga, Gavana Mkuu wa Waingereza, Dalhousie, aliukataa urithi wa mtoto huyo na kuichukua Jhansi. Lakshmibai aliajiri wakili, akaandika rufaa, zikatupwa. Akapewa pensheni ya rupia 60,000 kwa mwaka na kuambiwa atoke ngomeni. Alishika upanga baada ya kalamu kukataliwa.

Sikandar naye aliona yaliyoipata Jhansi. Alihesabu nguvu zake, akachagua upande, na vita vilipokwisha akadai malipo: eneo la Berasia, na mwaka 1860 akatambuliwa kuwa mtawala kwa haki yake mwenyewe, si mlezi tena. Binti yake akampisha. Mimi simwiti msaliti. Simwiti shujaa pia, maana waliochinjwa na Waingereza Delhi walikuwa watu wake kwa dini na kwa ardhi, naye alilijua hilo.

Kisha akaenda kuhiji, 1863, pamoja na mama yake Qudsia na msafara mkubwa. Aliandika habari za safari ile mwenyewe, na usidhani ni unyenyekevu mtupu: analalamikia uchafu wa Jeddah na maofisa wa forodha wanaovuruga mizigo ya watu. Ungefikiri ni shangazi yako anasimulia bandarini.

Shah Jahan alitawala tangu 1868 mpaka 1901. Alipenda kujenga kuliko kubana matumizi. Msikiti wake mkubwa wa Bhopal, Taj-ul-Masajid, fedha zilikwisha kabla ya kazi, ukakaa hivyo miaka na miaka, ukakamilishwa miaka ya 1980. Nyumbani hakukuwa shwari: alipoolewa mara ya pili aligombana na binti yake wa pekee aliyekuwa hai, Sultan Jahan, na hawakupatana mpaka mama akaingia kaburini. Watu wakikuambia wanawake wakitawala nyumba hutulia, watajie Bhopal.

Sultan Jahan ndiye ningependa umsome sana, wewe uliye chuoni. Alivaa buibui la kumfunika gubigubi, hata kwenye sherehe za wafalme, na ndani ya buibui hilo akafungua shule za wasichana. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Aligarh, India, kilipoanzishwa 1920, kile ambacho Aga Khan wa Tatu alikuwa mstari wa mbele kukichangishia fedha, mkuu wake wa kwanza alikuwa yeye. Wakati huo baadhi ya vyuo vya dunia vilikuwa bado vinabishana kama msichana apewe shahada.

Mwaka 1926 alijiuzulu ili mwanawe wa kiume, Hamidullah, atawale. Alimpigania mpaka London, maana Waingereza walitaka kumpa mjukuu. Kwa hiyo kiti kilirudi kwa mwanamume kwa juhudi za mwanamke, jambo ambalo bado linaniudhi kidogo. Hamidullah naye akapata mabinti watupu! Mkubwa, Abida Sultan, alilelewa na bibi yake Sultan Jahan, akawa mrithi rasmi, akajifunza kurusha ndege. Mwaka 1950 aliacha yote akahamia Pakistan, na baadaye akawa balozi wao Brazil.

Baba yako anasema nimeandika kupita kiasi na kwamba kuhusu 1857 nimekulisha upande mmoja. Atakuandikia yake. Dawa za kikohozi tumempa yule jirani anayesafiri wiki ijayo, umfuate uwanja wa ndege.

Mama yako