Vidukari kwenye miche ya pasheni

Mhariri,

Wengi wetu hapa Uganda tunaopanda pasheni kando ya ua hukimbilia dawa kali mara jani linapojikunja. Geuza jani kwanza: vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, hujibana chini yake, na sisimizi wakipandapanda shina, jua wapo. Changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni upande wa chini, rudia baada ya wiki. Sabuni ya unga huunguza majani.

Mche uliokatwa usawa wa udongo ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni. Mfukue asubuhi, umuue.

Ila majani yaliyokunyata yenye mabaka ya manjano ni virusi, navyo huenezwa na vidukari. Havina dawa. Ng'oeni mmea mzima, tafadhali, kabla haujaambukiza wa jirani.

Mkulima, Masaka