Kila mtu mjini kwao: salamu za Krismasi kutoka milimani

Wapendwa katika Bwana, Krismasi njema.

Wiki hii matatu za Mombasa zinafika Wundanyi zikiwa zimelemewa. Juu ya keria kuna magodoro, ndoo na sufuria mpya; ndani watoto wamelala mapajani mwa mama zao tangu Mariakani. Zikishapita Mwatate na kuanza kupanda zile kona, ukungu unashuka kuzilaki, na kila abiria anainama kutafuta sweta chini ya kiti. Nikiwaona wakishuka stendi hukumbuka mstari wa Luka ambao wahubiri wengi huuruka ili wafike upesi kwa wachungaji na malaika: watu wote walienda kuandikwa, kila mtu mjini kwao. Yusufu na Mariamu hawakwenda Bethlehemu kuhiji. Walienda kwa sababu serikali ya Kaisari Augusto ilitaka orodha ya majina. Kwa hiyo anayeniambia Krismasi si wakati wa kuzungumza siasa, namrudisha Luka mbili.

Orodha yetu nayo ipo. Agosti 10, 2027, Mungu akipenda, kila mmoja wetu atapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Nimeshaanza kusikia, hata hapa uwanjani baada ya ibada, kwamba tupige kura ya suti: chama kimoja, juu mpaka chini. Na sisi watu wa maombi suti hiyo hushonewa kwa uzi wa dini. Chama fulani ni cha wacha Mungu, kinapinga utoaji mimba, kinapinga ushoga, basi yeyote mwenye tiketi yake ni ndugu yetu.

Mambo hayo siyachezei. Kura ya maoni ya 2010 nilikuwa upande wa nyekundu, yaani wa Hapana, tukiomba usiku na mchana Katiba ianguke kwa ajili ya Kifungu cha 26, kile cha uhai na utoaji mimba, na mahakama za Kadhi. Agosti 4 Wakenya wakaipitisha kwa asilimia 67 hivi. Katiba ile ile tuliyoiombea mabaya ndiyo iliyozaa kaunti, na leo dawa ikikosekana zahanati tunaiuliza kaunti. Fungueni Jedwali la Nne muone kazi zake: afya, chekechea, masoko, maji, barabara za kaunti. Suala la mimba hamtalikuta hapo. Hilo huamuliwa Bungeni na mahakamani. Mwakilishi wadi anaweza kumaliza miaka mitano asiulizwe lolote kulihusu, lakini kila mwaka atainua mkono kupitisha bajeti.

Niwakumbushe bati letu. Tulipoezeka upya kanisa, mafundi wawili walileta bei. Mmoja wa dhehebu jingine, ameezeka shule na maghala mpaka Taveta. Mwingine mwanakwaya wetu, sauti ya besi, mtoa zaka asiyekosa. Kazi yake kubwa kabla ya hapo ilikuwa banda la ng'ombe. Kamati nzima, nami nikiwemo, tukampa wa kwetu. Mkesha wa Krismasi mvua ikaanza katikati ya wimbo wa tatu. Tone la kwanza likaangukia kayamba, la pili upara wangu. Tulipopanda kuangalia tukakuta misumari imepigiliwa kwenye mabonde ya bati, palepale maji yanapopita, badala ya migongoni. Ndugu yule hakuiba hata senti. Alikuwa mwaminifu kabisa, na sisi tukalowa kabisa.

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni. Kanisani tunalishika neno hilo. Aliyeokoka Jumapili hapewi mfuko wa sadaka Jumatatu. Hata chama cha akina mama hakimpi mtu uhazini kwa kuwa amejifunga leso ya rangi yao.

Kaunti yetu ya Taita-Taveta imewahi kuiacha suti kabatini. Mwaka 2022 tulimchagua kuwa gavana Andrew Mwadime, mgombea huru, ambaye alikuwa mbunge wa Mwatate kwa vipindi viwili. Amefanya vizuri au vibaya, kila mtu apime kwa bomba lake la maji. Simpigii debe wala simpingi. Meru nao mwaka huo huo walimpa mgombea huru, Kawira Mwangaza, aliyetoka kuwa mwakilishi wa wanawake, na mvutano wake na bunge la kaunti ukaishia kwa kuondolewa. Basi kukosa chama si dawa, na kuketi Bungeni si sawa na kuketi meza moja na wawakilishi wadi mpaka bajeti ipite. Sisi hilo tunalijua: mwaka 2019 bajeti yetu ilizua ugomvi mpaka zikakusanywa saini za kutaka kaunti ivunjwe.

Na kuna uzoefu wa kuiba, ambao nao huongezeka kila mwaka. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutolewa kwa kila kaunti, na NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa kila eneo bunge, ina yake. Vijana wenye bando, wasomeeni wazee jioni wakati kimanga kinapondwa.

Sisemi chama hakina uzito. Kwenye karatasi ya rais na ya mbunge kinao, maana Bungeni watu hupiga kura kwa makundi. Lakini wagombea watakuja Krismasi hii, wengine wakiwa na Biblia mpya ambayo kurasa zake bado zimegandana. Wapeni chai, kisha muwaulize: kabla ya hiki, umewahi kusimamia nini? Cha shilingi ngapi? Vitabu vyake viko wapi? Bodi ya shule ni jibu, SACCO ni jibu, mradi wa maji wa kijiji ni jibu. “Mimi ni mtoto wa kanisa” tumeshalisikia, na ndivyo tulivyolowa.

Ibada ya Krismasi ni saa tatu asubuhi. Bati amelirekebisha yule fundi wa dhehebu jingine. Wa kwetu alimshikia ngazi siku mbili nzima akiuliza maswali, na wiki iliyopita ameezeka jiko la jirani yangu. Nimepita kuangalia. Misumari iko mgongoni.

Mzee wenu wa kanisa