Kufahamiana na watu wa kazi kuwe sehemu ya masomo ya sanaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi tunaosoma sanaa za maonyesho hulijadili sana bwenini na mara chache sana darasani: namna mwanafunzi anavyoweza kufahamiana na watu wa kazi yake kabla hajamaliza masomo. Mhitimu wa uhasibu au uuguzi huangalia matangazo ya kazi, hupeleka barua na vyeti, kisha husubiri kuitwa kwenye usaili. Kwetu matangazo ya namna hiyo ni machache mno. Muongozaji anayehitaji mcheza ngoma au fundi wa taa humpigia simu mtu aliyewahi kumwona kazini, na mtu huyo akiwa ameshikwa na kazi nyingine huombwa amtaje mwenzake. Kazi nyingi za fani hii hugawanywa kwa simu hizo, na ambaye hakuna anayemkumbuka hubaki nje, hata akiwa na cheti kizuri.

Zamani jambo hili lilikuwa rahisi zaidi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kilianzishwa mwaka 1981, na walimu wake wa mwanzo wengi walitoka katika vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi. Mwanafunzi alifundishwa na mtu aliyekuwa bado yuko jukwaani. Marehemu Hukwe Zawose, aliyekuwa mmoja wa walimu hao, alizunguka nchi nyingi na ala zake za asili, ilimba na zeze, kazi zake zikatolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza, na watu wa ukoo wake waliingia katika fani hiyo kwa kupiga na kuimba pamoja naye. Mtoto wa ukoo kama huo hujuana na watu wa kazi tangu akiwa mdogo. Wengi wetu tunatoka katika familia zisizo na msanii hata mmoja, na baadhi yetu tulikuja kusoma huku wazazi wamenuna. Katika fani hii, ukoo tulio nao ni chuo.

Ushauri unaosambaa mitandaoni hutuambia tumfuate mtu mkubwa, tujitambulishe kwa nusu dakika, tumwachie kadi na kuondoka. Sikatai kwamba kuna mahali ushauri huo hufaa. Lakini hapa kwetu kijana anayemvamia mzee aliyeteremka jukwaani sasa hivi, akaanza kujieleza kabla hata shikamoo yake haijaitikiwa, anakuwa ameshajiharibia. Mkubwa hufikiwa kupitia mtu, yaani mwalimu, kiongozi wa kikundi, au mhitimu wa miaka iliyopita anayemshika mdogo wake mkono na kusema, “Mzee, huyu ni kijana wetu, anapiga ngoma, ninamfahamu.” Maneno hayo machache yana uzito kwa sababu anayeyatamka anaweka jina lake rehani. Kwa hiyo naamini kwamba kumtambulisha mwanafunzi ni sehemu ya kazi ya mwalimu wa sanaa, sawa na kumfundisha kusimama au kutoa sauti. Wapo walimu wanaolifanya kwa moyo wote, na wapo wanaotujibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu methali hiyo, ila chungu kizuri humsubiri mnunuzi hadi kesho, na onesho halimsubiri mtu. Lisipoonwa na wanaohusika usiku ule limekwisha.

Hata hivyo, utambulisho pekee hautoshi kama hakuna kazi iliyoonekana. Wakati wa Tamasha la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambalo limekuwepo tangu miaka ya 1980, nilimwona mwanafunzi mwenzangu akipata kazi bila kuiomba. Kikundi cha ngoma kutoka mkoani kilikuwa kinasubiri zamu yake, na unyevu wa bahari ulikuwa umelegeza ngozi za ngoma zao hadi zikatoa sauti ya kufa. Viongozi wao walikuwa wanabishana na watu wa ratiba. Mwenzangu hakuwa na jukumu lolote pale, lakini alikusanya makuti makavu, akawasha moto nyuma ya jukwaa, akazigeuza ngoma moja moja karibu na miali huku akizigonga kwa vidole, mpaka sauti ikarudi. Kiongozi wa kikundi alimtazama muda wote huo bila kusema neno. Baada ya onesho alimwuliza jina, akamwuliza anasoma nini, na baadaye akamwita katika ziara ya kikundi hicho. Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha kile ambacho kadi haiwezi kufanya: yule mzee aliona ujuzi na tabia kwa wakati mmoja.

Zanzibar nako kuna la kujifunza. Chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichoanzishwa mwaka 2001, kipo katika mji ambao taarabu yake ina vikundi vya miaka mingi, kikiwemo Nadi Ikhwan Safaa cha mwaka 1905. Kijana anayejifunza kupiga ala za taarabu kama udi, fidla au kanuni katika mji kama huo anaweza kukaa jioni pembeni mwa wazee wanaofanya mazoezi, akasikiliza, akashika hili na lile, hadi siku mmoja akikosekana aambiwe ajaribu. Na wapo waliogundua kwamba mtu wa kufahamiana naye alikuwa ameketi dawati la jirani: Siti and the Band, kikundi ambacho sasa kinajulikana hata nje ya nchi, kiliundwa na vijana waliosoma katika chuo hicho. Sisi wanafunzi tunalisahau hili. Tunawakimbilia wageni wanaokuja Februari katika tamasha la muziki la Sauti za Busara, huku mwenzetu anayejifunza taa, na ambaye huenda miaka michache ijayo akawa ndiye anayepanga nani aitwe, hatumsalimii vizuri.

Kuna pia upande wa jambo hili unaoumiza. Wapo watayarishaji wanaojua kiu yetu na kuifanyia biashara: mwanafunzi huitwa mazoezini kwa majuma mengi, harudishiwi hata nauli, na akiuliza malipo huambiwa kwamba atafaidika kwa kujuana na watu. Kwa wasichana hali huwa mbaya zaidi, kwani miadi ya kuzungumzia kazi huhamishiwa usiku na mahali ambapo hakuna kazi yoyote inayoweza kufanyika. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeshaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, lakini binti wa mwaka wa kwanza anayeamini kwamba mtu mmoja ameshika mustakabali wake wote hana nguvu ya kuikumbuka sheria hiyo. Njia mojawapo ya kumlinda ni kumfanya afahamiane na watu wengi, mapema, hadharani, na mbele ya walimu wake, ili asiwepo mtu mmoja wa kumfungia mlango.

Ombi langu kwa vyuo vyetu, TaSUBa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vikiwa miongoni mwao, ni kwamba mafunzo kwa vitendo yafanyike zaidi ndani ya vikundi vinavyofanya maonyesho kweli, kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja kazi, saa, nauli na msimamizi. Kwa waandaaji wa matamasha ninaomba jambo dogo lisilo na gharama kubwa: karatasi ya ratiba itaje pia majina ya walioshona mavazi, waliopanga taa na waliopiga ngoma, wanafunzi wakiwemo. Muongozaji akipendezwa na mavazi ya onesho fulani na asipoona jina popote, hana pa kuanzia kumtafuta aliyeyashona.

Nitafurahi pia nikisoma katika safu hii majibu ya waongozaji na viongozi wa vikundi wenyewe. Watueleze ni mambo gani huwafanya wamwite tena kijana waliyefanya naye kazi mara moja, na ni mambo gani huwafanya wafute namba yake.

Wako,
Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho,
Bagamoyo.