Gati la Lamu lina la kujifunza kwa walemavu wa Marekani

Mhariri,

Kila ikitajwa Marekani na haki za watu, mazungumzo ya barazani huishia kwa Martin Luther King na maandamano ya Washington ya 1963. Si vibaya, lakini liko kundi jingine lililoibadilisha nchi ile mpaka kwenye ngazi na vizingiti vyake, na huku kwetu halitajwi: walemavu. Nalitaja kwa sababu walichokipata kinapimika kwa futi ya fundi, na kwa sababu mtu wa kiti cha magurudumu anayeshuka kwenye ngazi za gati maji yakiwa yamepwa hana njia ila kubebwa kama mzigo.

Wamarekani hawakukosa vipimo. Tangu 1961 walikuwa na kiwango cha kitaifa cha majengo ambayo mlemavu aweza kuingia, kazi iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Illinois. Kilikuwa cha hiari, na cha hiari hakina mjenzi anayekiogopa. Kisha tarehe 26 Septemba 1973 Rais Nixon akatia saini sheria yenye kifungu cha 504. Kifungu chenyewe ni sentensi moja: anayepokea fedha za serikali kuu asimtenge mtu kwa ajili ya ulemavu wake tu. Maneno yake yalifuata yale ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopatikana kwa jasho na damu ya Wamarekani weusi. Lakini sentensi haimwambii mkuu wa shule mlango uwe na upana gani. Zilihitajika kanuni, na wizara iliyopewa kazi hiyo, ya Afya, Elimu na Ustawi, ilizikalia zaidi ya miaka mitatu.

Tarehe 5 Aprili 1977 walemavu wakaingia katika ofisi za wizara hiyo katika miji kadhaa. Washington hawakumaliza hata siku mbili, maana walinyimwa chakula na simu zikakatwa. San Francisco waliingia watu wapatao 150, na wengi wao wakakaa zaidi ya wiki tatu. Tofauti haikuwa ushujaa. Huko San Francisco Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, kilileta chakula cha moto kila siku. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakapeleka habari nje kwa lugha ya ishara. Wajumbe wao walipokwenda Washington, chama cha wafanyakazi wa mitambo kiliwakodishia lori lenye jukwaa la kupandishia viti. Tarehe 28 Aprili Waziri Joseph Califano akatia saini kanuni bila kupunguza kitu. Anayedhani haki hupatikana kwa hotuba na ahesabu masufuria yaliyoingia mle ndani.

Bado kulikuwa na pengo. Kifungu cha 504 kiliwabana wanaopokea fedha za serikali kuu pekee. Mwenye duka, mkahawa au sinema hakikumgusa. Mabasi nayo yalikuwa vita vyake, na Julai 1978 walemavu 19 waliyazuia kwa viti vyao katikati ya Denver. Machi 1990 wengine wapatao 60 waliacha viti na magongo chini ya ngazi za Bunge la Kongresi, wakapanda kwa viwiko na magoti. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ilitiwa saini tarehe 26 Julai 1990. Hiyo ndiyo iliyoingia madukani na hotelini, na ikaamuru kila basi jipya la umma litakaloagizwa baada ya tarehe 25 Agosti mwaka huo liwe na njia ya kupandisha kiti cha magurudumu.

Sasa vipimo vyenyewe vya Wamarekani, maana hapa ndipo mafundi wetu wanapokosea. Mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda. Duka lenye kizingiti cha sentimita 20 linataka mteremko wa mita 2.4, baraza ya sentimita 45 yataka mita 5.4. Upana usipungue sentimita 91.5. Kila baada ya kupanda sentimita 76 pawe na sakafu tambarare ya mita moja na nusu, mtu apumzishe mikono. Kimo kikizidi sentimita 15, reli za kushikia ziwekwe pande zote mbili. Mlango ukifunguliwa uache nafasi ya sentimita 81.5; mlango wa nakshi wa mbao mbili ukifungua ubao mmoja, kwa kawaida haufiki hapo.

Fundi asiyejua huanza na nafasi iliyobaki mbele ya mlango, akamimina zege mpaka likafika juu. Hutoka mteremko wa moja kwa nne, na kiti kikipandishwa humpindua aliyekikalia kichogo chini. Mwingine hung'arisha saruji ikawa laini kama kioo, na mvua ya kwanza ya masika hakuna anayepita, awe mlemavu au mzima.

Wamarekani nao walikosea. Walipokata kingo za njia za miguu ili magurudumu yapite, vipofu walipoteza alama iliyowaambia kwa fimbo kwamba barabara inaanza. Dawa yake, iliyobuniwa Japani miaka ya 1960, ni vigae vyenye vinundu vya kimo cha milimita 5 hivi vinavyosikika chini ya kiatu. Majengo ya zamani nayo yalibaki nyuma: reli ya chini ya ardhi ya New York ina vituo 472, na katika makubaliano ya 2022 ilijifunga kurekebisha asilimia 95 ya vile ambavyo mlemavu hakuweza kuingia, ifikapo 2055. Na huko California, ambako sheria ya jimbo inampa mlalamishi angalau dola 4,000 kwa kosa, wako waliogeuza kushtaki maduka madogo kuwa biashara. Wenye maduka wana haki ya kulalamika juu ya hilo, ingawa bila ruhusa ya mtu binafsi kwenda mahakamani sidhani kama kizingiti hata kimoja kingesawazishwa.

Huku kwetu husemwa mji wa kale, ulio katika orodha ya UNESCO tangu 2001, hauguswi. Sheria ya Marekani ililiona hilo pia. Jengo la kihistoria likiwa litaharibika, wahifadhi huulizwa, na vipimo hulegezwa. Lakini hulegezwa tu, havifutwi. Huweza kutumika mlango mwingine, au mteremko mfupi ulio mkali kidogo. Katika vichochoro vyetu mteremko utambae na ukuta, usikate njia ya punda, na ule wa mbao wa kuondoa usiku unatosha kwa maduka mengi ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale.

Sentensi hata sisi tunayo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, vyombo vya usafiri wa umma vikiwemo. Kifungu cha 22 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuidai, kwa niaba yake au ya mwenzake, na kufungua shauri la namna hiyo hakutozwi ada.

Kwa hiyo gati lolote la kaunti hii likija kukarabatiwa na wananchi wakaitwa kutoa maoni, waombe mchoro. Saruji peke yake haitoshi, kwani bahari hupanda na kushuka. Kinachotakiwa ni jukwaa linaloelea na daraja la kulishukia. Kwa gati za boti za starehe, Wamarekani walikubali kwamba daraja likiwa na urefu wa mita 24 hivi, mwinamo wake hautahesabiwa kosa hata maji yakipwa sana. Kwa gati ndogo walishusha mpaka mita 9. Mhandisi aulizwe daraja lake litakuwa na mita ngapi, na litainama kiasi gani siku ya bamvua maji yakishafika mwisho wa kupwa.

Msomaji,
Langoni, Lamu