Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: kisome tena kifungu cha kuzima

Mheshimiwa Waziri,

Salamu na heshima. Mimi ni mlipa bili tu, na sikuandikii kukuomba uwafukuze wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Naomba kabla hujatia saini mkataba wa kuwauzia umeme, ukisome tena kifungu kinachosema nani anazimwa, lini, na kwa gharama ya nani.

Utakuwa umeshaambiwa kwamba hawa ni wateja wasio na usumbufu, na ni kweli kwa sehemu. Tanuri la kuyeyushia alumini likikosa umeme saa nyingi, madini hugandia humo humo. Mashine ya kuchimba Bitcoin, mojawapo ya sarafu hizo, kazi yake ni kubahatisha namba mfululizo; anayeipata namba sahihi hulipwa sarafu mpya. Ukiizima jioni watu wanapowasha majiko, hakiharibiki kitu, mwenyewe anakosa mapato ya saa hizo tu. Usiku wa manane, maji ya bwawa yakimwagika bure, anaiwasha tena.

Lakini kuzimwa nako kuna bei. Texas, Marekani, Agosti 2023, kampuni ya uchimbaji ya Riot ilipata takribani dola milioni 31.7 za nafuu na malipo ya umeme kwa kupunguza matumizi wakati wa joto kali. Bitcoin ilizochimba mwezi huo hazikufika thamani ya dola milioni 10. Kulala kulilipa kuliko kufanya kazi! Hawakuiba, mfumo uliwaruhusu. Wetu utaruhusu nini?

Neno “ziada” ndilo linalonitia shaka zaidi. Mara nyingi umeme huitwa wa ziada kwa sababu nyaya hazijawafikia wanaouhitaji. Zikifika, mchimbaji ameshakaa. Na hashibi: mtandao wa Bitcoin hurekebisha ugumu wa hesabu kila bloku 2,016 (bloku ni fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari la mtandao, na anayelipata ndiye hulipwa), yaani wiki mbili hivi, ili bloku iendelee kupatikana kila dakika 10 hivi. Mashine zikiongezeka duniani, sarafu haziongezeki. Kinachoongezeka ni umeme wa kugombania zile zile.

China ilipopiga marufuku uchimbaji mwaka 2021, mashine nyingi zilikimbilia Kazakhstan kwenye umeme wa makaa ya mawe wa bei nafuu. Baridi ilipoingia umeme haukutosha, na Januari 2022 wachimbaji wakakatiwa. Iran nayo ilisimamisha uchimbaji Mei 2021, umeme ukiwa tayari unakatika mijini. Amri zote mbili zilikuja watu wameshaonja giza.

Kuhusu ajira sitasema mengi. Ghala lenye maelfu ya mashine huhitaji walinzi na mafundi wachache.

Kuna pia siku ya kuondoka. Aprili 2024 zawadi ya kila bloku ilishuka kutoka Bitcoin 6.25 hadi 3.125, na itapungua tena kwa nusu baada ya miaka minne hivi. Mwenye mashine zilizochoka hufunga virago. Transfoma na kituo cha kupozea umeme alivyojengewa havibebeki kwenye kontena.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mchimbaji alipie miundombinu yake kabla ya kuunganishwa. Gridi ikielemewa azimwe yeye kwanza, bila fidia, kwani bei nafuu anayopewa ndiyo fidia yenyewe. Mkataba uwe wa miaka michache, na uchapishwe tuusome kabla ya saini yako.

Wako,
Mlipa bili