Gari la anayerudi nyumbani: hesabuni miezi kabla ya meli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Watanzania walioko nje wanaojiandaa kurudi na magari yao.

Mdogo wangu alimaliza masomo Uingereza akarudi hapa Dodoma. Gari lake, la cc 1,500, alilinunua Februari na kulipakia melini Desemba. Wakala wa forodha aliyeongea naye kwa simu alimhakikishia kwamba likifika Dar es Salaam litakuwa limetimiza mwaka, hivyo atasamehewa kodi. Lilifika Februari. Msamaha akaukosa.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humsamehe anayehamia nchini gari moja, tena awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje si chini ya miezi 12. Siku za baharini hazihesabiwi. Hapo ndipo alipoponzeka. Na wale ambao kadi ya gari ina jina la mke au mume wawe macho pia.

Tuseme gari limethaminiwa shilingi milioni 20 hadi bandarini. Ushuru wa forodha wa 25% ni milioni 5. Ushuru wa bidhaa wa 5% unakokotolewa juu ya hiyo milioni 25, kisha VAT ya 18% inapanda juu ya jumla yote. Inakaribia milioni 11, kabla ya tozo nyingine! Kijana aliyetoka chuo juzi atazitoa wapi? Huyu wetu aliuza kiwanja chake cha Nala alichotaka kujenga. Alipokuwa akitafuta mnunuzi, gari lilikaa bandarini likihesabiwa siku, naye kila wiki yumo kwenye treni kwenda Dar.

Sheria ilifuatwa, sina ugomvi nayo. Naomba tu kipengele hiki kiandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, na balozi zetu zikibandike pale watu wanapofuatilia pasipoti. Mtu akisome kabla hajalipia meli, maana gari likishapakiwa hakuna cha kurekebisha.

Rafiki yake aliyeko Manchester alinunua gari Septemba iliyopita na alitaka kulipakia Juni. Tumemsihi asubiri hadi Oktoba, aendelee kulitumia huko huko, na atunze kadi, bima na risiti zote zenye jina lake.

Mkazi wa Ilazo,
Dodoma