Hatua ya tatu haina maana kwamba imebaki moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Mimi ni mpima ardhi mstaafu, mkazi wa Korogwe, na gazeti lako nalisoma lote, kuanzia matangazo ya viwanja hadi habari za misiba. Kila mara nakutana na maneno yale yale: marehemu "alikuwa akisumbuliwa na saratani iliyofikia hatua ya mwisho". Saratani ya nini, hamsemi. Hatua ya ngapi, hamsemi. Msomaji anayabeba maneno hayo kichwani, na siku mgonjwa wake akitajiwa hatua, anayatoa. Kwangu yalitolewa sebuleni.

Mwaka 2021 mama watoto wangu aligundulika na saratani ya mlango wa kizazi. Kwenye karatasi waliandika IIIB, kwa namba za Kirumi. Shemeji yangu, mtu mwema asiyekosa msiba wa mtu, akahesabu kwa vidole: "Hatua ziko nne. Dada yuko ya tatu. Imebaki moja." Akashauri tumpeleke kwao Lushoto akapumzike, na yule ng'ombe tuliyetaka kumuuza kwa ajili ya nauli na malazi ya Dar es Salaam abaki zizini. Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja mle ndani. Hakuna aliyepinga. Hata mimi sikupinga, nisije nikajifanya shujaa leo.

Kabla ya hapo alikuwa ametibiwa "UTI" na "fangasi" kwa miezi saba, katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Alikuwa amekoma hedhi miaka mitatu nyuma, kisha damu ikarudi. Ikawa inatoka hata baada ya tendo la ndoa. Aliponiambia nilimjibu ni utu uzima. Kila akienda anapimwa mkojo na kurudi na vidonge vya rangi nyingine. Katika miezi yote saba hakuna aliyemlaza kitandani, akaweka spekulamu, kile chombo cha kufungulia uke, na kuutazama mlango wa kizazi kwa macho. Mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa na damu tena, mkojo peke yake hautoshi. Hili sikulijua, na nadhani wanaume wengi wa rika langu hawalijui.

Aliyetuokoa na hesabu ya shemeji ni daktari mmoja wa kike, umri wa binti yangu wa mwisho. Nilimwendea peke yangu nikamwambia, daktari, mimi maneno hayaniingii, niliishi kwa ramani. Akacheka, akageuza karatasi ya maabara, akachora nyuma yake kitu kama parachichi lenye shingo, shingo ikitazama chini. Shingo ile ndiyo mlango wa kizazi. Akaanza kuchora mipaka.

Hatua ya kwanza, ugonjwa bado uko ndani ya kiwanja chake, kwenye shingo tu. Ya pili, umevuka bikoni, yaani jiwe la mpaka, umeingia sehemu ya juu ya uke au nyama za pembeni, lakini haujagusa ukuta wa nyonga. Ya tatu, umefika ukutani, au umeteremka hadi theluthi ya chini ya uke, au umebana mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, mpaka figo ikajaa maji, au umeingia kwenye tezi za nyonga. Ya nne, umetoboa kibofu au njia ya haja kubwa, au umeruka mbali kwenda mapafu, ini au mifupa. Herufi zinazofuata namba zinagawa hatua hiyo vipande vidogo. Kwa mke wangu, B ilitokana na figo ya kushoto, ambayo altrasaundi iliikuta imejaa maji.

Uvamizi wa viwanja nimeushughulikia miaka 31, kwa hiyo hapo nilielewa. Jirani akivamia shamba lako, swali la kwanza ni amefika wapi. Jibu lake ndilo linaloamua kama utamaliza kwa mjumbe au kwenye baraza la ardhi. Halikuambii shamba limepotea. Daktari akaniongezea neno ambalo shemeji hakulijua: hatua hizi hazina mwendo wa saa. Hakuna anayelala ya tatu akaamka ya nne kwa sababu zamu imefika. Halafu hatua ya tatu ya mlango wa kizazi haifanani na hatua ya tatu ya titi wala ya pafu, kila moja ina vipimo vyake, na saratani ya chembe za damu, lukemia, haihesabiwi namna hii kabisa.

Kulipima eneo lenyewe kulimtesa mke wangu kuliko nilivyodhani. Alikatwa kipande kidogo cha nyama kikaenda maabara. Alipimwa kwa vidole mbele na nyuma, kwa sababu ndivyo daktari anavyogusa kama ugonjwa umefika ukutani. Alirudi nyumbani hataki kusemeshwa. Damu yake ilikuwa saba, ikabidi aongezwe kabla ya lolote, maana mionzi hufanya kazi vizuri zaidi kwenye nyama yenye hewa ya kutosha, na hewa hiyo hubebwa na damu. Waliotoa damu ni wanangu wawili na, kwa haki niseme, shemeji.

Kisha likaja swali lililonisumbua zaidi, na ambalo nasikia likiulizwa kila kijiweni: mbona hawamkati? Kwetu daktari asipokata, watu hutafsiri kwamba amekata tamaa. Nilimuuliza yule binti hivyo hivyo. Akasema, "Mzee wangu, upasuaji tunaufanya ugonjwa ukiwa bado mdogo na uko kwenye shingo. Kwa mama umefika ukutani. Nikikata nitaacha mizizi, nitakuwa nimemuumiza, na bado atahitaji mionzi." Kwa hatua yake, tiba ya kuponya ndiyo mionzi pamoja na dawa. Nilirudia neno "kuponya" mara mbili ili nihakikishe nimesikia sawa.

Tulikwenda Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, kwenye yale majengo ya Wajerumani kando ya bahari. Mionzi ya nje alipata mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Mara moja kwa wiki alitundikiwa dripu ya dawa iitwayo sisiplatini, na kabla ya kila dripu walipima damu na kazi ya figo, kwani dawa hiyo ni kali kwa figo na yeye moja tayari ilikuwa na mgogoro. Dozi hiyo ya dawa ni ndogo. Kazi yake ni kuifanya saratani ichomeke kirahisi zaidi mionzi inapopita. Mwishoni ikaja mionzi ya ndani, mara tatu, ambapo chombo huingizwa ukeni hadi karibu kabisa na uvimbe. Hiyo ya ndani wagonjwa wengi huikimbia kwa aibu na hofu, na kwa hatua kama yake, bila hiyo kazi haijaisha.

Katikati ya wiki ya nne mpwa wetu alikuwa anaolewa, na mke wangu akataka likizo ya siku kumi. Daktari alikataa katakata. Tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa imalizike ndani ya wiki nane. Ukiikatiza, seli zilizobaki zinapata nafasi ya kujijenga upya. Harusi tuliiona kwenye simu, tumekaa Tandika kwenye chumba cha kupanga, yeye akiharisha kwa sababu ya mionzi, mimi nikipika uji na wali usio na mafuta. Nilijifunza kupika nikiwa na miaka 63.

Huko Tandika dada yake alimwondoa mjukuu wetu asilale naye, eti mionzi itamwingia mtoto. Nilimpeleka dada huyo kwa fundi wa mashine. Fundi akamuuliza: ukizima tochi, mwanga unabaki ukutani? Mionzi ya namna ile haibaki mwilini. Mtoto alirudishwa jioni ile ile.

Sitaki nionekane nauza matumaini. Kitanda cha tatu kutoka kwake alikuwapo mama mwenye hatua ya nne, mapafu yameshaingiliwa. Yeye alipewa mionzi ya siku chache kukata damu, na mofini ya maji kwa maumivu, na alilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nayo ni tiba. Nani atamtafuta daktari wa kumtuliza mgonjwa wake kama gazeti limeshamwambia kwamba ni hatua ya mwisho? Na alikuwapo mwingine, kijana kabisa, ambaye mwaka mmoja nyuma aliambiwa hatua ya kwanza, akaahidiwa upasuaji, ndugu wakampeleka kwa mganga wa mizizi. Alirudi ugonjwa ukiwa kwenye kibofu.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkiandika saratani, andikeni ya kiungo gani, na kama familia imeridhia, hatua gani. Na mara moja moja mtumie nafasi ya habari hizo kusema kwamba kipimo cha siki hufanywa hata kwenye vituo vya afya: nesi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, penye kasoro hugeuka peupe, na doa la mwanzo linaweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyo hiyo kabla halijawa saratani. Kinalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na virusi vya ukimwi huanza mapema zaidi. Chanjo ya wasichana ya kukinga saratani hii ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa sindano moja tu, kwa wa miaka 9 hadi 14. Wajukuu wangu wawili wameshachomwa. Bibi yao aliwapeleka mwenyewe.

Mwezi uliopita tulikwenda kliniki yake ya kawaida. Ile IIIB bado iko kwenye faili, kwa sababu hatua inayoandikwa siku ya kwanza haifutwi hata ugonjwa usipoonekana tena. Nesi mgeni akafungua faili, akasoma, akatoka mlangoni na kiti cha magurudumu, akauliza mgonjwa yuko wapi. Mke wangu akainuka na kikapu chake cha nazi, akamwamkua, akampita, akaingia ndani.

Wako,
Mpima ardhi mstaafu,
Korogwe, Tanga